Mbao za Dani, Zege la Anko Marwa

Likizo hii ya Aprili tulikutana wote kwa Dani, nyanya yetu, kule Rangwe. Kabla sijatua begi, Anko Marwa aliniita kutoka barazani akaniambia niende jikoni, kwenye kona iliyo nyuma ya kabati, niruke mara tatu. Nikaenda, nikaruka, vigae vikanyamaza. Ndipo nikamsikia akiuliza, "Haya, habari ya shule?" Hivyo ndivyo anavyonisalimia siku hizi. Binamu zangu wadogo wanadhani ni mila ya Wakuria, kabila lake, na yule mdogo kabisa ameanza kuruka kila anapoingia nyumba ya mtu, hata kanisani. Sijamwambia ukweli. Kwanza inapendeza kumtazama, na pili ukweli wenyewe bado unaniwasha masikio. Lakini nimefikisha miaka kumi na saba, niko kidato cha nne, na nimekuwa mzee wa kutosha kuandika kuhusu enzi za ujana wangu, yaani nilipokuwa kidato cha pili.

Habari za baba na mama nazipita. Wapo, ni wazima, wanaishi Homa Bay mjini, na walichochangia hapa ni kimoja tu: ripoti yangu ya muhula wa kwanza ilipofika, waliisoma, wakatazamana, wakaniambia likizo yote nitakaa Rangwe kwa Dani bila simu. Simu yangu wakaifungia kabatini. Yaani ile waliyoijua. Ile nyingine, ndogo, yenye kioo kilichopasuka, niliyobadilishana na msichana wa bweni letu kwa sketi na kopo la maziwa ya unga, hawakuijua, nami sikuona sababu ya kuwaongezea mawazo wazazi wangu.

Nyumba ya Dani, mama yake baba, zamani ilikuwa duka. Nyuma ya duka palikuwa na stoo ya nafaka, na mwenye duka alikuwa ameitandika sakafu ya mbao juu ya boriti, mahindi yasinyonye unyevu wa udongo. Dani alipoinunua, hiyo stoo ndiyo aliyoifanya jiko lake. Nalikumbuka jiko lile kwa pua kabla ya macho: dagaa wa omena wanaokaangwa, moshi wa mkaa uliokaa ukutani miaka na miaka, na harufu ya mbao zenyewe, tamu kidogo, kama gunia tupu. Ukitembea, sakafu ilisema. Dani aliweza kujua nani ameingia bila kugeuka, na mimi nilijua mbao zote zinazosema na zisizosema, ujuzi muhimu kwa mtu anayetafuta nyama kabla ya wenzake. Nyuma ya kabati palikuwa na ubao mmoja uliokuwa haukushikwa na kitu. Ncha yake ilikuwa haikufika kwenye boriti, basi uliinuka kwa kidole kimoja. Chini yake palikuwa na nafasi kavu, safi, ya kutosha simu, waya za masikioni na pakiti ya biskuti. Sikuhitaji hoteli.

Ilikuwa Aprili hiyohiyo ya kidato cha pili jiko lilipopanuliwa. Ukuta kati ya stoo na baraza la nyuma ulivunjwa, baraza likazungushiwa ukuta, na chumba kikawa kimoja kikubwa chenye sakafu mbili: huku mbao, huku zege. Dani alitaka vigae juu ya vyote. Na aliyejitolea kuvitandika alikuwa Anko Marwa, mume wa Waya, shangazi yangu.

Anko Marwa ni fundi wa vigae Migori mjini, mtu wa upande wa mpakani, mrefu, mpole, anayesema Kiswahili kilichonyooka kuliko cha mwalimu wetu. Kijaluo chake hakifiki mbali na Kikuria Dani hataki hata kukijaribu, kwa hiyo kati yao ni Kiswahili tu. Nimesema kati yao, lakini kwa kweli hapakuwa na kitu kati yao. Waya alikuwa ameolewa miaka tisa, ana watoto watatu, na kwa miaka yote hiyo Dani hakuwa amemwambia mkwe wake neno hata moja uso kwa uso. Sehemu ilikuwa heshima, kwa maana mama mkwe na mkwe hawazoeani. Sehemu nyingine haikuwa heshima. Dani alikuwa amemtakia binti yake mwalimu, tena wa sekondari, akaletewa mtu mwenye simiti kwenye kucha. Jioni moja, nikichambua maharage huku nikijifanya sisikii, nilimsikia Waya akimwambia, "Mama, huyu mtu hataki kitu kwako. Anataka tu siku moja useme kazi yake ni nzuri." Dani akatupa jiwe dogo alilolitoa kwenye maharage. "Nitaikanyaga kwanza," akasema.

Shida ilianza asubuhi ya kwanza, kabla hata ya chai. Kwa Dani, mkwe haingii jikoni kwa mama mkwe. Wengi wameacha mambo hayo. Dani hajaacha, na kwa bahati mbaya kwa Wakuria ni vivyo hivyo, kwa hiyo hapakuwa na hata mmoja wa kumlegeza mwenzake. Barazani mkwe anaruhusiwa, ndipo mahali pake pa kukaa na kula. Sasa ukuta umevunjwa, baraza na jiko vimekuwa chumba kimoja. Jiko linaanzia wapi? Dani alisimama katikati, akatafakari kama jaji, kisha akanigeukia mimi, ingawa Anko alikuwa hatua tatu kutoka kwake. "Mwambie Baba Boke, jiko yangu inaanzia kwa mbao." Baba Boke, yaani Anko Marwa, akaliambia dirisha, "Sawa, Mama," akatoa kamba yake ya chaki, akapiga mstari wa buluu pale mbao zilipokutana na zege, akaweka sanduku la vifaa upande wa zege. Mwita, mdogo wake anayefanya naye kazi siku zote, naye alikuwa mkwe. Miguu yake ilikuwa na kesi ileile. Wote wawili wakanitazama.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa fundi wa upande wa mbao, nikiwa na miaka kumi na tano na gredi ya D katika hesabu.

Upande wa zege ulikuwa wao na waliufanya kama watu wanaoosha mtoto. Wakakwangua mafuta na rangi ya zamani mpaka zege likaonekana jipya. Anko akapita akiligonga kwa mpini wa nyundo huku ameinamisha sikio, na palipolia utupu akapachimba, akapajaza. Akabandika kipande cha nailoni sakafuni kwa gundi pande zote, akakiacha mpaka asubuhi aone kama kitatoa jasho kwa ndani, maana zege lenye maji chini yake hutapika vigae. Kisha wakalidonoa lote kwa patasi, gundi ipate pa kushika. Mimi ng'ambo ya mstari nilikuwa naongozwa kama mchezaji na kocha aliyefungiwa asikanyage uwanja. Ng'oa ule msumari. Huo hapana, ule. Weka skrubu mbili kila ubao unapovuka boriti. Aliniambia zege likishakauka limetulia, lakini mbao haitulii. Mvua ikija inavimba, jua likija inajikunyata, na fundi anayelaza kigae kimoja juu ya vyote viwili atasikia kikipasuka akiwa bado njiani kwenda kwake. Kwa hiyo pale kwenye mstari patabaki ufa mwembamba, utajazwa mpira mweusi wa silikoni, na kila upande utapumua kivyake. Nilimwambia ni kama yeye na Dani. Mwita alicheka mpaka akakaa. Anko akasema, "Shika skrubu, Akoth."

Kabla ya kutandika plaiwudi juu ya mbao, palikuwa na mtihani. Nilijaza sufuria maji, nikaiweka sakafuni, nikaruka kando yake, na Anko akapiga magoti kwenye mstari akiyatazama maji. Yakitetemeka sana, mbao hapo ni legevu, ongeza skrubu au mhimili. Yakitulia, sogeza sufuria. Tulikwenda hivyo chumba kizima, mimi naruka, yeye anasema bado, au anasema endelea, na Dani kwenye kigoda chake akimenya viazi kana kwamba hatupo. Tulipofika kwenye kona ya nyuma ya kabati, Anko hakuweza kuona. Kabati ni kubwa kama ng'ombe na halijatoka mlangoni tangu siku lilipoingia. "Kona hiyo nakuachia wewe," akasema. "Ruka, uniambie maji yamefanya nini."

Chini ya ubao ule palikuwa na simu yangu. Nikisema maji yametetemeka, ataniambia ng'oa, na Dani yuko pale na macho yake mawili mazima. Sikuruka. Nilipiga sakafu ya pembeni kwa kisigino, mahali penye boriti, kwa sauti ya kutosha. "Yametulia," nikasema. "Yametulia kabisa?" "Kama ya kisimani, Anko."

Dani alipotoka kwenda kuanika nguo, niliuinua ubao, nikatoa simu, nikaurudisha vilevile bila skrubu hata moja, tena kwa haraka kiasi kwamba waya za masikioni zilibaki. Baadaye plaiwudi ikaja juu yake, nami nikaipigilia mwenyewe, nikiimba. Vigae vya upande ule nilivilaza kwa mikono yangu, Anko akininyooshea pimamaji iliyofungwa kwenye ubao mrefu kama fimbo ya kuvulia. Siku tuliyomaliza, alivua viatu, akatembea kwa soksi upande wake wote akisikiliza, akafika kwenye mstari mweusi, akasimama. Upande wa pili aliutazama tu. Nilimwonea huruma kidogo, kisha nikaenda kuchaji simu kwa jirani.

Agosti niliporudi, Dani alikuwa ameweka pipa lake la maji katika kona ile. Pipa, fikiria. Akina mama wa kanisa walikuja kuliona jiko, wakalisifu, wakakanyaga kanyaga, na mmoja wao, mwenye mwili wa baraka, akaenda kuchota maji. Ko, kikasema kigae. Akarudi nyuma. Ko. Lilipotolewa pipa, vigae vitatu vilikuwa vimepasuka kwa mstari mmoja ulionyooka kama rula, na mimi peke yangu nilijua kwamba umenyooka kwa sababu chini yake kuna ubao. Dani aliwamiminia wageni chai. Walipoondoka akasema neno moja, "Nilijua," akampigia Waya.

Walikuja Jumamosi, Waya na Anko. Anko hakumleta Mwita. Alisimama kwenye zege, vidole vya miguu vikigusa mpaka wa silikoni, akainamisha shingo kujaribu kuona nyuma ya kabati. Hakuona. Akanitazama mimi. "Akoth, pale uliruka?"

Nilikuwa na nafasi nzuri ya kuwa mtu. "Niliruka," nikasema.

Akakubali kwa kichwa, polepole, kama mtu anayepokea risiti. Kisha akasema, kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye kigoda cha Dani, "Basi kosa ni langu. Nilikosea kupima. Mama atafute fundi mwingine, mimi nitaleta vigae." Akatoka kukaa barazani mbele, na Waya akamfuata. Waliletewa omena, ugali na mboga ya apoth, yaani mrenda. Nilikwenda kuchukua sahani. Ya Anko ilikuwa haijaguswa.

Watu huniuliza kwa nini nafanya mzaha na kila kitu. Sijui. Najua tu kwamba nilirudi jikoni na sahani ile mkononi nikitafuta mzaha wa kusema, nikatafuta kweli, sikupata. Dani alikuwa akisonga ugali wa pili. "Dani," nikasema, "sikuruka." Mwiko uliendelea. "Hukuruka wapi?" Nikamwonyesha kona. Nikamwambia yote: ubao, simu, kisigino, maji ya kisimani. Nilizungumza na mgongo wake. Nilipomaliza, alizima jiko la gesi.

"Na yeye anajua?"

"Hajui."

"Na amesema kosa ni yake."

Dani akaitazama kona. Kisha akaanza kubeba vitu nje. Sufuria ya ugali kwanza, halafu jiko la gesi na mtungi wake, jiko la makaa, sufuria zote, mwiko, chungu, mpaka kopo la chumvi. Nilidhani anahama kwa sababu yangu. Alivipanga vyote nje, chini ya upenu kando ya tangi la maji, akakaa kwenye kigoda katikati yake, akapangusa mikono. "Mwambie Baba Boke," akasema, na alijua kabisa Baba Boke anasikia, "jiko iko hapa nje. Hiyo ndani ni stoo ya mahindi. Stoo, mtu yeyote anaingia."

Nilimkuta Anko amekwisha kusimama. Alivua viatu. Pale kwenye mstari aliinua mguu mmoja, akauweka hewani muda mrefu hivi kwamba Waya aliziba mdomo kwa leso, kisha akaushusha kwenye vigae vilivyo juu ya mbao, akaingia. Alitembea kwa soksi, akisikiliza. Kazi yangu ya hapo katikati aliikanyaga mara mbili, akasema, "Hii si mbaya," na hadi leo hakuna mwalimu aliyewahi kunisifu zaidi. Njiani kwenda kwenye kona nilimwambia na yeye ukweli. Nilidhani atanigombeza. Akasema tu nilete patasi.

Akang'oa vigae vitatu, akakata plaiwudi, akauinua ubao kwa kidole kimoja, kama mimi. Akachungulia. Akaingiza mkono, akatoa waya za masikioni, zenye vumbi, halafu pakiti ya biskuti iliyobaki nusu. Dani alikuwa amesogea mpaka mlangoni. Nikafumba macho.

"Mama," akasema Anko, "panya wa nyumba hii wanasikiliza muziki."

Kisha nikasikia kitu ambacho sikukitambua mara moja: Dani anacheka, kicheko cha kukohoa, cha mtu aliyekibana muda mrefu. Na akasema, si kwangu, si kwa Waya, si kwa dirisha, "Baba Boke, hao panya niachie mimi. Wewe tengeneza."

Waya alikaa chini kwenye zege, hapohapo alipokuwa.

Tulipika nje siku tatu, mvua ndogo ikiingia kwenye chai. Anko alikata kipande cha mti mgumu, akakifunga kwenye boriti ncha ya ubao ipate pa kulala, nami nikaruka kando ya sufuria mpaka magoti yakaniuma, yeye akiwa amelala kifudifudi, jicho usawa wa maji. Simu nilimkabidhi Dani mwenyewe. Aliitia kwenye kopo la majani ya chai, na nahisi bado imo, maana hakuna anayethubutu kuuliza. Siku ya nne, vigae vilipokuwa vimeshika, Anko alikusanya vifaa, akauvuka mstari kurudi kwenye zege, akavaa viatu. Ndipo Dani akaingia, bila kitu mkononi. Akatembea peku chumba kizima, upande wa zege, upande wa mbao. Akafika kwenye kona, akashika kabati kwa mkono mmoja, akakunja gauni kwa mwingine, na akaruka. Nyanya wa watu kumi na wanne. Akaruka tena, akasikiliza.

"Hii kazi ni nzuri," akasema. Kisha akaniambia nirudishe jiko.

Mwaka ule nilitoka D mpaka C ya kawaida katika hesabu, baba na mama wakafurahi wakadhani ni hewa ya Rangwe. Mengine ya kidato cha pili nimeyasahau. Aprili hii nilipomaliza kuruka, nilitoka kwenye kona nikakuta meza ya chai imewekwa juu ya ule mstari mweusi, miguu miwili kwenye mbao, miwili kwenye zege. Dani huku, Anko kule, wakibishana juu ya sukari. Nikavuta kiti. Dani akainua kidole.

"Bado," akasema. "Masikio yangu imezeeka. Weka sufuria, ruka tena."

Nikajaza sufuria, nikaiweka kwenye kona, nikaruka. Maji hayakutikisika hata kidogo. Waliotikisika kwa kicheko ni wao wawili, kila mmoja upande wake, na chai ikawamwagikia.